Siku ya Kwanza Ugenini: Mbona Hakuna Anayeulizwa Jina?

Kuna hadithi moja ambayo kila kijana anayeandika hapa Ikwiriri ameshaiandika au ataiandika. Nimezisoma nyingi, nyingine kwenye madaftari ya shule, nyingine kwenye simu, na moja ilikuwa nyuma ya karatasi za mtihani wa Hisabati. Kijana anapanda ndege peke yake. Anashuka nchi ya watu, tuseme Dubai, London au Afrika Kusini, na mara nyingine nchi haitajwi kabisa, inaitwa mamtoni tu. Anaona maghorofa. Anaona taa. Baridi inampiga mpaka kwenye mifupa. Anakula kitu asichokijua jina. Usiku analia kwa kumkumbuka mama, au analia kwa furaha, na hadithi imekwisha.

Sina ugomvi na maghorofa. Ugomvi wangu ni kwamba katika hadithi zote hizo msafiri haulizwi kitu na mtu yeyote. Anapita uwanja wa ndege kama upepo. Hakuna anayemwuliza jina, katoka wapi, kaja kufanya nini, atalala kwa nani, mfukoni ana shilingi ngapi. Macho yake yanafanya kazi kutwa nzima, lakini kinywa chake hakitakiwi na mtu.

Na haya yanaandikwa na watoto wa Ikwiriri! Mji huu umelelewa na wageni. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyekwenda Lindi au Mtwara alivuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni ikigoma au mto ukifura, msafiri alikwama. Waliokuwa wakiuza chai na wali njiani walijua kusoma mtu kwa jinsi alivyouliza bei ya samaki. Hata leo, ingia gesti yoyote, kabla hujaonyeshwa chumba unasukumiwa daftari: jina, umri, kabila, kazi, unatoka wapi, unakwenda wapi, saini. Kabila, bwana! Mtu kachoka, miguu imevimba kwa basi, anataka maji ya kuoga tu, na kwanza aeleze babu zake ni kina nani. Na mwaka 2017, wakati wa mauaji yaliyoitikisa Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wakati bodaboda zilipokatazwa kutembea kuanzia saa 12 jioni, swali la "wewe nani?" liliacha kabisa kuwa swali la adabu. Sisi tunalijua swali hilo vizuri kuliko tunavyojua theluji. Sasa kwa nini tunaandika theluji?

Nataka kuweka pembeni ya hadithi zetu sura ya kwanza ya riwaya moja, *By the Sea* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 2001. Gurnah ni mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 akiwa kijana wa miaka 18 kwenda Uingereza, na ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Wengi wetu tulilisikia jina lake mwaka huo huo wa tuzo, tukapiga makofi, tukaenda zetu. Riwaya yake *Paradise*, ya mwaka 1994, ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis. Hesabu mwenyewe: miaka 28. Hii ninayoisema nimeisoma kwa Kiingereza, kamusi ikiwa magotini.

Mzee wa miaka 65, mfanyabiashara wa zamani wa fanicha kutoka Zanzibar, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick, kusini mwa London, alasiri moja ya mwezi Novemba. Jina lake ni Saleh Omar. Yuko peke yake. Hakuna anayemngoja. Aliyemuuzia tiketi kamshauri asiseme Kiingereza, ajifanye hajui. Basi anafika mbele ya meza ya uhamiaji, anatoa maneno mawili tu ya Kiingereza, la ukimbizi na la hifadhi, halafu ananyamaza. Ofisa anayeitwa Kevin Edelman anamchukua pembeni, anapekua begi lake, anauliza na kuuliza. Mzee anaelewa kila neno. Hajibu.

Sasa angalia kilichokosekana. Ghorofa hakuna. Taa za jiji hakuna. Uingereza yenyewe, ile ya kwenye kalenda, hatuioni. Siku ya kwanza ya mtu huyu katika nchi ngeni ni chumba, meza, mtu mmoja anayeuliza na mwingine anayekaa kimya. Na huwezi kukiweka kitabu chini. Nilijiuliza kwa nini, na jibu nililopata ni dogo: kila swali la Edelman lina jibu, sisi tunaosoma tunaanza kulijua, na yeye Edelman halipati. Hata jina lililo kwenye pasipoti si la mzee, ni la mtu mwingine aliyekuwa hasimu wake huko nyumbani. (Ambaye hajaisoma na hapendi kuharibiwa utamu, aniwie radhi, nimeshaharibu.) Yaani swali jepesi kuliko yote, lile la "unaitwa nani?", ndilo lililofukiwa riwaya nzima chini yake. Kurasa zote zinazofuata, nyumba zilizogombewa, deni, jela, ni jibu la swali aliloulizwa mzee pale mezani akanyamaza.

Katika begi kuna kisanduku cha mti, na ndani yake udi, ule bora kabisa, al-qamari. Edelman anakiona, anauliza ni nini, hapati jibu, anakichukua. Basi. Hapigi kelele, hampigi mzee kofi. Anakichukua tu, na mzee anakiangalia kikienda.

Hapo niliposoma mara ya kwanza nilisimama nikaenda kunywa maji. Anayetoka kwetu hahitaji kuelezwa udi ni nini. Ni harufu ya harusi, ya Idi, ya chumba cha mzazi. Lakini Gurnah hakuuweka udi ule kwa ajili ya harufu peke yake. Mzee aliupata kutoka kwa Hussein, Mwajemi wa Bahrain, katika biashara zilizokwenda na kurudi na pepo za msimu. Kisanduku kile ni hati ya maisha yake yote, na kimechukuliwa na mtu asiyejua kuisoma. Na sisi wa Rufiji tuna la kuongeza. Majahazi hayo ya msimu, yakirudi Arabuni na Ghuba, yalipakia boriti za mikoko, na delta yetu ilikuwa mojawapo ya sehemu kuu zilikokatwa. Nyumba za huko ambako hakuoti mti wa maana zilipauliwa kwa miti ya matope yetu. Kwa hiyo kile kisanduku cha Gatwick si kitu cha Waunguja peke yao. Kijana wa Ikwiriri angeweza kukiandika, kwa kuanzia upande wa pili, upande wa boriti, na sijaona hata mmoja aliyejaribu.

Nisije nikaonekana nimepigwa na Nobel mpaka sioni makosa. Nina malalamiko. La kwanza ni huyo Kevin Edelman. Wazazi wake mwenyewe walikuwa wakimbizi, walitoka Romania, na anamhutubia mzee kwamba wazazi wake ni Wazungu, wana haki ya kuwa pale, wakati huyu mzee na wenzake hawana. Hotuba hiyo ni safi mno. Ofisa wa uhamiaji ninayemjua mimi, na hata karani wa dirisha lolote, hafunguki hivyo. Anaandika, anapiga miayo, anamwuliza mwenzake chakula kimefika. Hapo nilimsikia mwandishi akizungumza kwa mdomo wa ofisa, kwa sababu alitaka jambo hilo lisemwe na mzee alikuwa amefungwa kinywa. Pale Edelman anapochukua kisanduku bila hotuba ndipo anapotisha.

La pili ni zito zaidi. Saleh Omar ni mtu wa vitabu na fanicha nzuri. Anazo sentensi ndefu za kujiliwaza, na baadaye kwenye kitabu anamjibu mwanasheria wake kwa maneno ya mhusika wa hadithi ya Kimarekani ya karne ya 19. Sawa. Lakini vijana wanaoondoka kwetu wakazamia meli, au wanaopita Msumbiji kwa basi na lori mpaka Durban, hawabebi udi al-qamari. Wanabeba nini? Gurnah hana wajibu wa kunijibu. Hadithi zetu zina wajibu huo, na zinamjibu msomaji kwa maghorofa.

Wapo watakaosema Kiswahili hakina mila ya uandishi wa namna hii, kwamba masimulizi ya safari ni mambo ya Wazungu. Si kweli. Mwaka 1901 Carl Velten, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, alitoa kitabu kinachoitwa *Safari za Wasuaheli*. Humo mna habari ya Salim bin Abakari, aliyesafiri mwaka 1896 kutoka Berlin mpaka Urusi na Siberia. Siberia, jamani, kabla hata reli ya kuvuka nchi nzima ile haijamalizika! Alikwenda akiwa mtumishi wa Mjerumani, Dokta Bumiller. Pesa ya safari si yake, njia si yake, mizigo si yake. Hata hivyo simulizi lake linaitwa safari *yangu*. Nalipenda neno hilo. Mtumishi ndiye aliyelisema.

Linganisha na Martin Kayamba. Huyu alikuwa karani mkubwa wa serikali Tanganyika, mtu wa shule za misheni. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Chifu Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka uliofuata akatoa kitabu: *Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza*. Tuli, tuli. Mgeni wa serikali ana wenyeji, ana ratiba, ana mtu wa kumpokea, na *mimi* yake inamezwa na msafara. Simlaumu, alikwenda kwa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa nzito. Lakini mtindo wake ndio uliotuingia damuni: mtu mwenye heshima anakwenda, anaona, anarudi kuwaeleza walio nyuma kwamba wenzetu wameendelea. Hadithi za maghorofa ni wajukuu wa kitabu hicho, hata kama vijana wenyewe hawajakisikia.

Na kwa kuwa barabara yetu imo katika jambo hili, nitamtaja na Roald Dahl, yule aliyekuja kuwa mashuhuri kwa vitabu vya watoto. Katika *Going Solo*, ya mwaka 1986, anaeleza alivyofika Dar es Salaam mwaka 1938, kijana wa miaka 22, ameajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell. Anafika kwa meli, mji unamvutia, kazi inamngoja, nyumba inamngoja, mtumishi anamngoja. Kitabu kinachekesha na kinasomeka, nakiri. Mwaka mmoja baadaye vita vinaanza, na mgeni huyu anapewa askari waende kuziba barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda kusini, wawazuie Wajerumani wasikimbilie Msumbiji. Mwaka mmoja tu, na mgeni kashakuwa mwenye kizuizi, yeye ndiye anayeuliza wengine mnakwenda wapi. Kwa Saleh Omar jambo hilo halitatokea hata akiishi Uingereza miaka 100. Ugeni si kitu kimoja. Anayefika na kampuni nyuma yake na anayefika na begi moja wameshuka nchi mbili tofauti, hata kama bandari ni ile ile.

Nimesema sijaona hadithi ya kwetu yenye swali ndani yake. Ipo moja. Mwaka jana binti mmoja, jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado anaiandika, alinisomea kurasa sita. Msichana wa kutoka upande wa delta anakwenda Muscat kufanya kazi za ndani. Kurasa mbili za mwanzo ni zile zile, ndege, taa, ubaridi wa kiyoyozi, nikaanza kuangalia saa. Halafu wanafika nyumbani. Mama mwenye nyumba anatoka, anamtazama, anamsalimia kwa Kiswahili. Kiswahili cha Unguja kabisa, cha "hujambo mwanangu, umefikaje?" Msichana karibu aanguke kwa furaha. Na kwa Kiswahili hicho hicho laini anaulizwa ana umri gani, ameshawahi kuolewa, ana maradhi gani, anajua kupika nini. Halafu: lete pasipoti nikuwekee.

*Nikuwekee.* Kitenzi hicho kimoja kina thamani kuliko maghorofa yote ya Dubai. Ni neno la upole, neno la shangazi. Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu, na moja ya mambo waliyoyaeleza wasichana hao ni waajiri kuzishika pasipoti zao. Ripoti inakupa jambo lenyewe. Haiwezi kukupa *nikuwekee*, hiyo ni kazi ya mwandishi, na binti huyu ameifanya. Bila kumsoma Gurnah kaandika tukio lile lile: kitu kinachukuliwa mezani siku ya kwanza, bila fujo. Ila huyu wake hana hata ile silaha ya mzee, ya kujifanya hajui lugha. Kaulizwa kwa lugha ya mama. Atanyamazaje?

Nilimwambia azifute kurasa mbili za mwanzo, aanzie mlangoni. Hakupenda. Alisema bila ndege watu hawatajua ni safari. Nikamwambia asome tena daftari la gesti, pale wanapoandika "unatoka wapi". Tukabishana mpaka magharibi. Kuna jambo lake jingine lisilonikaa vizuri: mwisho wa ukurasa wa sita mama yule anageuka ghafla kuwa mkali, anafoka, anarusha sahani. Ya nini? Ni kosa lile lile la Edelman na hotuba yake. Mwandishi kaogopa kwamba hatujaelewa. Tumeelewa, dada. Mwache mama aendelee kuwa mpole, amwonyeshe msichana chumba, amwambie alale amechoka. Hapo sisi ndio tutakosa usingizi.

Hadithi ya binti huyu imenirudisha kwenye *By the Sea* kwa mlango mwingine, mlango wa lugha. Gurnah kaandika kwa Kiingereza habari ya mtu anayejifanya hajui Kiingereza. Kwa hiyo kuna siri kati ya mzee na msomaji wa Kiingereza: tunamsikia akiwaza kwa lugha ile ile anayoikana mbele ya ofisa, na utani wote wa sura ile uko hapo. Ukiileta kwa Kiswahili siri hiyo inavunjika. Mzee atawaza kwa Kiswahili, jambo ambalo ni la kawaida kabisa, na Edelman naye atasema Kiswahili kwenye ukurasa, jambo ambalo ni kichekesho. Msomaji atajuaje nani anaelewa nini? Wenzetu wanaoandika hadithi za ughaibuni wanalikwepa swali hili kwa kumfanya kila Mzungu aongee Kiswahili sanifu kama mtangazaji wa redio. Ingewezekana kumwacha ofisa awe sauti tu, kelele za puani, mdomo unaofunguka na kufunga, mpaka neno moja linalofahamika litokeze katikati. Kijana aliyeishia darasa la saba akafika Durban ndivyo anavyokisikia Kiingereza. Riwaya ya Kiingereza haiwezi kufanya hivyo kwa urahisi. Kiswahili kinaweza, na hapo tuna nafasi ambayo hata Gurnah hakuwa nayo.

Nimeanza kuitafsiri sura hiyo, kwa mazoezi tu, si kwa kuchapisha, maana haki si zangu. Nimekwama kwenye yale maneno mawili ya mezani. Nikiandika *mkimbizi* na *hifadhi*, mzee atakuwa amesema Kiswahili Gatwick na Edelman hana habari anaambiwa nini. Nikiyaacha kwa Kiingereza, msomaji wangu wa Umwe au Mgomba atayaruka. Katika jaribio la tatu nimeyaandika kama mzee angeyatamka baada ya kuyafanyia mazoezi ndege nzima, kwa ulimi wa kwetu, kila irabu mahali pake: *refyuji, asailamu*. Binti wa Muscat kayasoma akacheka, halafu akaniuliza mzee alikuwa akiyasema kwa sauti ya juu au ya chini. Bado sijaamua.